Haki ya Kujificha

Msomaji, mfikirie mtu aliyenunua kitu kizuri kwa fedha zake mwenyewe, akakiweka nyumbani kwake, kisha kitu hicho kikakataa kuonekana. Je, ana haki ya kukilazimisha kitoke? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa dogo, hata la mchezo. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoulizwa na samaki asiyezidi urefu wa kidole.

Katika bahari yetu, kuanzia Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, huishi kitatange mmoja mdogo sana, ambaye wataalamu humwita Centropyge acanthops. Urefu wake ni kama sentimita 8 tu. Mwili wake ni wa buluu iliyoiva, na kichwa na mgongo ni rangi ya machungwa, kana kwamba amejitanda shuka ya dhahabu. Makao yake ni vifusi vya matumbawe, ambako hudonoa mimea midogo iotayo juu ya mawe, na kila aonapo kivuli hujitoma tunduni. Huko huishi kwa jamaa: dume mmoja na majike kadhaa. Ajabu yao ni kwamba wote huanza maisha wakiwa majike. Dume akipotea, jike aliye mkubwa kuliko wenzake hugeuka akawa dume. Basi samaki huyu ana nchi yake, jirani zake na desturi zake, ingawa sisi hatuzikumbuki tumwonapo peke yake ndani ya kioo.

Mazoea ya kufuga viumbe vya bahari katika kioo si ya jana. Bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki kwa watu wote mwaka 1853. Leo watu wa nchi nyingi hujenga mwamba mdogo wa matumbawe sebuleni mwao, na baadhi ya samaki wao huvuliwa katika pwani ya Kenya. Kazi hiyo yataka uangalifu mwingi. Maji hayana budi kuwa na chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila kilo. Joto lisipande wala kushuka ghafula. Na vijidudu visivyoonekana kwa macho viwe vimekwisha kukaa katika mawe, ili vigeuze uchafu wa samaki, ambao ni sumu kali, uwe kitu chenye madhara machache. Hayo yote mtu aweza kujifunza vitabuni. Lililo gumu ni kujifunza kungoja.

Mwaka wangu wa kwanza baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilifundisha pamoja na mwenzangu aliyekuwa na tangi la namna hiyo. Alipomtia humo kitatange huyu, samaki hakuonekana siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Mwenzangu hakusumbuka. Kila jioni aliketi mbali kidogo, akiyatazama mawe kwa utulivu. Juma la pili alianza kuona kichwa cha rangi ya machungwa kikichungulia, kisha kikirudi ndani.

Aliyesumbuka ni mimi, kwa sababu nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wangu kuwaonyesha uzuri huo. Ijumaa moja mwenzangu alisafiri, akaniachia ufunguo nimlishe samaki wake. Jumamosi asubuhi nilitia mkono majini nikayaondoa mawe, kisha nikawaita watoto. Kweli, walimwona. Alisimama katika pembe ya kioo, rangi imefifia, mapezi ameyabana, anahema upesi upesi. Watoto walishangilia. Lakini msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji darasani, aliniuliza, "Mwalimu, sasa ataingia wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliyarudisha mawe jioni ile, lakini samaki hakula tena. Mwenzangu aliporudi Jumapili nilimweleza yote. Hakunigombeza, alisema tu, "Alikuwa ameanza kunizoea." Alhamisi kitatange akafa.

Labda utaniambia, msomaji, kwamba samaki ni mali, na mwenye mali hutumia mali yake apendavyo. Hoja hii naikataa. Kitatange akiwa baharini, asipopapenda mahali huhama. Ndani ya kioo hawezi kuhama. Aliyemtia humo amemwondolea njia zote za kujisaidia, kwa hiyo kila haja ya samaki yule imegeuka kuwa wajibu wa mtu huyo. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huja kwa miguu yake mwenyewe. Kitatange hakuja, aliletwa. Aliyenyang'anywa bahari nzima akabakiwa na tundu moja, hatuwezi kumdai na tundu hilo pia kwa ajili ya furaha ya macho yetu.

Mwingine atasema, "Basi aachwe baharini." Huyu ana hoja nzito, wala sitashindana naye. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, ni marufuku kuvua samaki, na huko kitatange huonekana apendapo mwenyewe. Lakini wako wavuvi wapatao riziki kwa kazi hii kwa idhini ya serikali, na wako watu ambao tangi limewafunza kuipenda bahari. Nisemalo mimi ni hili: asiyemchukua hana deni kwake, amchukuaye amejitwika deni, na deni hilo halilipwi dukani.

Kosa langu halikuwa ukosefu wa mapenzi. Nilimpenda samaki yule. Au tuseme, niliupenda uzuri wake unionekanie, nao wenzangu wausifu. Mapenzi ya namna hiyo hujitazama yenyewe. Mwenzangu, aliyeketi jioni nyingi bila kuona kitu, ndiye aliyempenda samaki mwenyewe.

Baadaye nilimkumbuka yule msichana. Mara nyingi nilikuwa nimemwinua darasani kwa nguvu ajibu swali, nikidhani namsaidia, naye husimama kimya huku wenzake wakimtazama. Niliacha desturi hiyo. Nilimwachia nafasi, nikangoja.

Nawe, msomaji, kama siku moja utawekewa mikononi kiumbe dhaifu, akiwa samaki, mtoto au mgeni mwenye haya, kwanza mpatie mahali pa kujificha. Akitoka, ufurahi. Asipotoka leo, usiyaondoe mawe.