Askari wa Mwili na Swali la Nafsi

Katika elimu ya afya inayotolewa kwa Kiswahili, hasa tangu ugonjwa wa UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, ulipoanza kuzungumzwa hadharani, chembe nyeupe za damu zimezoeleka kuitwa askari wa mwili, na mgonjwa asomewapo majibu yake kliniki huenda akaambiwa kwamba askari wake wamepungua. Tamathali hiyo imefanya kazi kubwa, kwa kuwa hata asiyewahi kuona darubini huelewa mara moja kwa nini maradhi madogo humlaza mtu kitandani. Lakini askari hulinda mpaka, na penye mpaka hapakosi mwenyeji na mgeni, hivyo msikilizaji hupewa, bila kuombwa ridhaa, jibu la swali la kale la falsafa: nafsi ya mtu huanzia wapi na kuishia wapi?

Mwaka 1949 mwanasayansi Macfarlane Burnet wa Australia, akiandika pamoja na Frank Fenner, alieleza kinga kuwa ni uwezo wa mwili kupambanua kilicho chake na kisicho chake. Ushahidi alioutegemea, hata hivyo, ulikuwa wa kutatanisha. Mtafiti Ray Owen alikuwa ameonyesha mwaka 1945 kwamba ndama pacha, ambao mishipa yao ya damu huungana tumboni mwa mama, hubaki hadi ukubwani na chembe za damu za mwenzao bila kuzikataa. Ikiwa mgeni aliyewahi kufika huhesabiwa mwenyeji, basi uenyeji ni jambo linalofunzwa, wala mwili hauzaliwi na orodha kamili ya walio wake. Bakteria wasio na idadi huishi utumboni kwa amani, ilhali katika maradhi ya kingamwili kushambulia mwili wenyewe, kama lupus, anayepigwa ndiye mwenye nyumba. Ndiyo maana mtaalamu wa kinga Polly Matzinger alidai mwaka 1994 kwamba kinga huamshwa na dalili za hatari na madhara kuliko ugeni wenyewe, dai ambalo wataalamu wangali wanabishana juu yake.

Kiswahili, pengine bila kukusudia, kilikuwa na neno pana kuliko askari. Kukinga ni kuzuia, kama mtu anavyokinga jua kwa kiganja; lakini pia ni kupokea, kama anavyokinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa. Waelimishaji wangefanya vyema kulitumia neno hilo kwa maana zake zote mbili, maana mwili hufanya yote mawili: mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa ya chembe za mtoto wa kiume zilizokutwa katika damu ya mama miaka 27 baada ya kujifungua.