HOTUBA YA IJUMAA: SURA YA MOTOKARI NA UNDANI WAKE

HOTUBA YA KWANZA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kujua yaliyo wazi na yaliyofichika. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mfanyabiashara mwaminifu hata kabla ya kupewa utume, pamoja na jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu msikitini na tumche vilevile sokoni. Maana wako watu wakimaliza sala wanavaa viatu vyao na kuiacha taqwa yao juu ya mkeka. Wakifika kwenye biashara, ulimi ni mwingine na mizani ni mingine.

Ndugu zangu, leo tutazungumza juu ya kununua na kuuza motokari iliyokwisha kutumika. Mtu atauliza: Shehe, motokari imepandaje kwenye mimbari? Imepanda kwa sababu kesi zinazoletwa mbele yetu baada ya sala, nyingi si za wudhu wala za funga. Ni za kuuziana. Ndugu hamwamkii ndugu, shemeji hapiti tena kwa shemeji, na ukiuliza sababu unaambiwa: aliniuzia motokari mbovu na alijua.

Katika miji yetu ya Kongo, motokari nyingi zimetumika na wengine kabla yetu. Ziko zinazotoka Japani na kushuka bandari ya Dar es Salaam, usukani ukiwa upande wa kulia. Ziko zinazotoka Ulaya, zikipakiwa melini huko Anvers, Ubelgiji. Mpaka ifike kwako, motokari moja imeshika mikono mingi. Na kila mkono umeijua siri yake.

Nitawapa mfano wa gari moja ndogo, ili jambo liingie akilini. Wazee wetu wanaikumbuka VW Coccinelle, ile yenye mgongo wa mviringo. Ilibuniwa Ujerumani na Ferdinand Porsche kabla ya Vita vya pili vya dunia. Motere yake ilikuwa nyuma, na ilipozwa kwa upepo. Haikuwa na radiateri, wala hukuitilia maji. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchi ya Mexico, mwezi wa saba mwaka 2003.

Lakini kabla ya hiyo ya zamani kukoma, kiwanda hichohicho cha Puebla kilianza kutengeneza nyingine yenye sura ya ile ya babu: New Beetle. Ilianza kutengenezwa mwaka 1997 ikaendelea mpaka 2011. Mgongo ni uleule wa mviringo, mataa ni yaleyale kama macho, na ndani waliweka hata kikopo cha kutia ua. Mzee akiiona anatabasamu na kukumbuka ujana wake. Basi fungua nyuma: hukuti motere, unakuta mahali pa kuweka mizigo. Motere iko mbele, inapozwa kwa maji, na mwili wote umejengwa juu ya msingi wa Golf. Sura ni ya babu, undani ni wa mjukuu.

Sasa nawauliza, ndugu zangu: je, aliyeitengeneza ameghushi? Jibu ni hapana. Ameifananisha ya zamani kwa mapambo, na jina lenyewe amesema ni mpya. Kufananisha si dhambi, maadamu umesema. Dhambi inaanza pale mwenye kujua anaponyamaza mbele ya asiyejua.

Tazameni namna dhambi hiyo inavyoingia. Kijana anaikuta gari hiyo pahali pa kuuzia, inang'aa. Baba yake alikuwa na ile ya zamani. Anamuuliza muuzaji: «Yaya, hii nayo haitaki maji kama ile ya baba?» Muuzaji anajua kwamba inataka maji. Anajua pia kwamba radiateri inavuja na amewahi kuiziba kwa gundi. Lakini anaogopa mazungumzo ya maji yasifike kwenye radiateri, basi anacheka tu na kusema: «Mdogo wangu, hii ni mashine ya Wajerumani, chukua bila wasiwasi.» Hakusema uongo hata neno moja. Lakini juma la pili motere imeungua. Kijana aliweka ndani ya motere hiyo pesa ya kiwanja cha mama yake. Huyu muuzaji akisema «sikumdanganya», atamwambia nani? Atamwambia Yule anayejua khiyana ya macho na yale yanayofichwa na vifua?

Enyi Waislamu, Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni Madina akakuta rundo la chakula. Juu lilikuwa zuri. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini asiweke kile kilicholowa juu ili watu wakione. Kisha akatoa hukumu ambayo kila mtoto wa madarasa anaijua: mwenye kughushi si katika sisi. Imepokewa na Muslim. Angalieni, yule mtu hakuimwagia nafaka maji, ni mvua ya Mungu. Kosa lake lilikuwa kuweka kikavu juu na kibichi chini. Na rangi mpya juu ya kutu, ndugu zangu, ni nini kama si kikavu juu ya kibichi?

Sikilizeni na lingine. Waarabu walikuwa wakitaka kuuza ngamia au kondoo, wanaacha kumkamua siku kadhaa na kumfunga kiwele. Mnunuzi akifika anaona kiwele kimejaa, anasema mnyama huyu ana maziwa mengi. Akimkamua nyumbani mara moja, kesho hakuna kitu. Mtume (S.A.W.) akakataza, akampa aliyedanganywa hiari: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi moja ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakamua. Leo hatufungi viwele vya ngamia. Tunarudisha nyuma kompteri ya kilometa! Motokari imetembea kilometa 240.000, fundi anaigusa, asubuhi inaonyesha 90.000. Hicho ni kiwele kilichofungwa. Hukumu ni ileile, na fundi aliyekubali kuigusa ana fungu lake katika dhambi.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamesema wazi: mwenye kujua aibu ya bidhaa, yaani kasoro inayopunguza thamani yake, ni wajibu juu yake kuieleza. Mnunuzi akigundua kasoro iliyokuwapo kabla ya kununua, ana haki ya kurudisha kitu na kupewa pesa yake, lakini asicheleweshe wala asiendelee kukitumia baada ya kugundua. Na ile desturi ya wauzaji kusema «nimekuuzia hivi ilivyo, ukitoka hapa sikujui», haimwokoi mtu kwa kasoro aliyoijua akaificha. Maneno ya mdomo hayafuti haki ya mwenzako.

Tena tusidhani kwamba ni hasara ya pesa tu. Ukificha radiateri, umekula mali ya mtu. Ukificha freni, umecheza na roho yake, na roho za watoto aliowapakia, na ya mama anayeuza ndizi kando ya barabara, ambaye wala hakuwapo siku ya kuuziana.

Nimesema maneno haya, na ninamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na ninyi. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ndugu zangu, walio bora katika umma huu hawakungoja waulizwe. Imesimuliwa juu ya sahaba Wathila bin Al-Asqa kwamba alikuwapo mtu mmoja alipouza ngamia wake kwa dirhamu 300. Mnunuzi akaondoka naye. Wathila akamkimbilia nyuma akamuuliza: umemnunua wa nyama au wa kupanda? Akasema wa kupanda. Wathila akamjulisha kwamba katika ukwato wake mna tundu, hataweza safari ndefu. Mnunuzi akarudi, na muuzaji akapunguza dirhamu 100. Muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Lakini Wathila alikuwa amempa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Muislamu. Basi hata wewe uliyesimama pembeni unayejua, una neno la kusema.

Hapo ndipo linapokuja suala la komisionere. Kazi yake ni halali akichukua malipo yanayojulikana kwa kazi inayojulikana. Lakini akijifanya mnunuzi, akataja bei kubwa ili kijana wa watu aogope kuikosa motokari, hiyo ndiyo najashi aliyoikataza Mtume (S.A.W.). Na akichukua pesa kwa muuzaji ili afiche, na kwa mnunuzi ili afunue, amekula pande zote mbili kwa kinywa kimoja.

Ewe unayenunua, nawe una wajibu. Usiseme «nimemtegemea Mungu» na macho umeyafumba. Fanya haya:

1. Nenda na fundi wako mwenyewe, asiwe fundi wa muuzaji. Mlipe haki yake, hata kama atakuambia usinunue. Pesa hiyo haikupotea.

2. Iwashe asubuhi motere ikiwa baridi. Ukikuta imekwisha kupashwa moto kabla hujafika, uliza kwa nini. Tazama moshi, sikiliza mlio, tazama maji na mafuta, inama uangalie kutu chini.

3. Usiiamini kompteri peke yake. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika mpaka chuma haikutembea kilometa kidogo.

4. Uliza ile kurua ya distribisyo ilibadilishwa lini. Huo ni mkanda ulio ndani, hauonekani, na katika motere nyingi ukikatika valvu na pistoni zinagongana na motere inaharibika. Uliza pia kama piese za gari hiyo zinapatikana katika mji wako. Gari yenye sura nzuri isiyo na piese ni pambo la uwanja.

5. Soma karte roze, linganisha namba ya shasi na ile iliyo kwenye motokari, ujue anayeuza ndiye mwenyewe au ametumwa na mwenyewe. Kisha andikeni na muweke mashahidi. Tumeamrishwa katika sura ya Al-Baqara kuandika deni na kushuhudisha tunapouziana. Kuandika hakuvunji undugu. Kunaulinda.

Na ukinunua, usimdhulumu muuzaji mwenye shida. Sahaba Jarir bin Abdillah alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akaona thamani yake ni zaidi, akamwongezea mwenyewe mpaka 800. Huyo naye alikuwa amempa Mtume ahadi ileile. Mgonjwa anauza motokari ili alipe daktari, nawe unajua bei yake, unamshusha mpaka nusu na kutoka ukicheka. Hiyo si hekima.

Bado limebaki neno kwa aliyekwisha kuuza na anajua alichokificha. Ndugu yangu, mlango haujafungwa. Mtafute mnunuzi wako, mwambie ukweli, mpe hiari: akurudishie motokari umrudishie pesa, au mpatane juu ya kasoro. Itakuwa vigumu. Utaona haya, na labda atakutukana. Lakini haya ya leo mbele ya mtu mmoja ni nyepesi kuliko haya ya Siku ile mbele ya viumbe wote. Na kama umemtafuta umemkosa, litazame jambo la Imamu Abu Hanifa. Mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumwambia mnunuzi, wala hawakumjua ni nani. Imamu akaitoa sadaka thamani yake. Hakuiingiza nyumbani mwake. Basi wewe unataka kuiingiza kwenye karo ya watoto, kwenye aqiqa, kwenye safari ya Makka?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha, wanabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake inafutwa. Ndiyo sababu unamuona mtu ameuza motokari kwa dola elfu, na mwezi haujaisha hana dola wala motokari, na rafiki amempoteza. Mwingine ameiuza kwa pungufu kwa sababu alisema ukweli wa radiateri, na leo watu wanatumana: nenda kwa fulani, yule akikwambia ni nzima, ni nzima. Hiyo sifa haiuzwi Anvers wala Dar es Salaam.

Ee Mwenyezi Mungu, zifanye siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu. Ee Mola, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu. Warudishie waliodhulumiwa haki zao, na walainishe mioyo waliodhulumu. Wahifadhi wasafiri wetu barabarani, ziwani na mitoni. Ipe nchi yetu ya Kongo amani, hasa kwa ndugu zetu wa mashariki waliokimbia nyumba zao. Warehemu wazazi wetu na walimu wetu waliotutangulia. Amin, amin, ya Rabbal-alamin.

Simameni kwa ajili ya sala, Mwenyezi Mungu awarehemu. Nyosheni safu.