Kisiwa Kisicho na Mtu ni cha Nani?

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: mahali pasipokaa mtu ni pa nani? Wengi watajibu haraka, "Ni pa serikali." Mwingine atasema, "Ni pa Mungu." Mie majibu yote mawili hayajanitosha.

Kaskazini mwa Dar es Salaam kuna visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini. Vilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Mbudya nimefika, nikitokea Kunduchi kwa boti. Kuna mchanga mweupe, mivinje na mibuyu, kijiji hakuna. Lakini wapo kaa wakubwa wa minazi, wanaotoka usiku siye tukishaondoka. Basi tukisema kisiwa hakikaliwi, maana yake ni kwamba viumbe wengine hatuwahesabu kuwa wakazi.

Pwani ya Kunduchi mzee mmoja mvuvi aliniuliza, "Mjukuu wangu, mie nikitupa nyavu pale nakamatwa, ila mgeni akilipa kiingilio anaogelea mpaka jioni. Haki gani hiyo?" Nilikosa jibu, kwa sababu swali hilo lipo hata kwetu Mikese, mbali na bahari. Msitu wa hifadhi wa Kitulanghalo ni jirani yetu, na magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara kuu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mkaa. Je, mti una haki kuliko daftari la mtoto?

Wataalamu hutetea hifadhi kwa faida yake. Samaki huzaliana penye utulivu, kisha hutoka na kumfikia mvuvi. Mwamba wa matumbawe uliopigwa baruti huchukua miaka mingi kupona. Hoja hiyo ni kweli, lakini peke yake ni dhaifu. Tukikiacha kisiwa kwa sababu ya faida tu, siku akitokea tajiri mwenye faida kubwa zaidi tutamwuzia, na kaa wake humo humo.

Mie naona mahali pa namna hiyo ni amana. Si mali ya anayeilinda, wala ya anayeitamani. Waliotutangulia walituachia, na watakaokuja wataidai. Mwenye njaa akikatazwa kuigusa, anabeba mzigo kwa niaba yetu sote, na hapo ndipo penye dhuluma: mzigo wa wote kumtwika mmoja. Mvuvi anayeacha kuvua anastahili sehemu ya kile kiingilio. Anayeacha kukata mti anastahili njia nyingine ya kulipa ada. Naye mgeni asidhani tiketi imemnunulia ruhusa ya kuokota makombe na kuacha chupa za plastiki mchangani.

Amana anayoilinda maskini peke yake, huku mwenye pesa akiichezea, haitadumu. Ataichoka, na tukimlaumu tutakuwa tumemwonea mara mbili.

Hayo ndiyo mawazo yangu. Wewe msomaji wasemaje?