Yafaa Kumpandisha Mbwa Mawimbini?

Huko California, katika nchi ya Marekani, kuna mchezo ambao mtu akisimuliwa mara ya kwanza hudhani anadanganywa. Kwamba watu husimama juu ya ubao mrefu na kuchukuliwa na wimbi mbio hata ufuoni, hilo lajulikana. Lakini wako wanaopanda mawimbi pamoja na mbwa wao, mbwa mbele na bwana wake nyuma. Na wako mbwa waliokwisha kuzoea hata wakapanda peke yao. Wala si jambo la jana. Waikiki, katika visiwa vya Hawaii, mbwa walionekana juu ya mbao pamoja na mabwana zao tangu miaka ya 1930. Katika California mashindano ya mbwa yalianzishwa Huntington Beach mwaka 2009, na Pacifica mwaka 2016. Tarehe 18 Oktoba 2011, huko Ocean Beach mjini San Diego, mbwa jike aitwaye Abbie Girl alichukuliwa na wimbi moja mwendo wa mita 107.2, na habari hiyo ikaandikwa katika kitabu cha Guinness.

Huenda msomaji akacheka na kufunua ukurasa mwingine. Twamsihi angoje kidogo, maana ndani ya mchezo huu mna swali lisilo la mchezo. Mtu aendaye baharini huenda kwa hiari yake. Akimezwa na wimbi, aliijua hatari kabla ya kulowesha miguu. Mbwa je? Yeye hakuichagua bahari. Alimchagua bwana wake, naye humfuata hata mahali ambapo, kama angekuwa peke yake, asingekanyaga kamwe. Basi twaweza kusema kwamba amekubali?

Wako wanaojibu upesi: “Mtazameni, anafurahi, mkia wake wacheza!” Jibu hili halitutoshi. Sisi tuliofuga mbwa wa kulinda nyumba twajua kwamba mkia hucheza kwa furaha, na hucheza vilevile kwa wasiwasi. Wako na wengine wasemao kwamba ni ukatili mtupu, na mbwa aachwe nchi kavu alikoumbiwa. Hao nao wamefanya haraka. Mbwa wa Newfoundland, na wale waitwao Labrador, tangu zamani waliwasaidia wavuvi katika maji ya baridi. Ukimzuia mbwa wa namna hiyo asiingie majini umemwonea. Lakini yuko mwingine mwenye pua fupi na kichwa kizito, ambaye hutweta akipanda kilima tu, na bahari kwake ni taabu. Kwa hiyo haifai kuuliza habari za mbwa wote kwa pamoja. Yatupasa kuuliza habari za mbwa huyu mmoja, na ni nani atakayemsemea.

Tuone jinsi wajuzi wanavyomfundisha. Hawaanzi baharini. Ubao huwekwa chini uani, nao ni ubao laini kama sifongo, ili kucha zishike na asiumie akigongwa. Mbwa huachwa aunuse. Akiweka mguu mmoja juu yake hupewa kipande cha nyama. Akipanda kwa miguu yote minne hupewa kingine. Hapandishwi kwa kuvutwa shingo; hupanda mwenyewe, siku nyingi, mpaka ubao uwe kwake kama kitanda chake. Ndipo ubao hupelekwa kwenye maji matulivu, na mwishowe kwenye mawimbi madogo ya povu karibu na ufuo, mahali ambapo mtu husimama maji yakimfikia kiunoni. Mbwa huvikwa koti la kuelea lenye mshikio mgongoni, ili aweze kunyakuliwa mara moja; hata hivyo ni lazima awe amekwisha kujua kuogelea na kurudi akiitwa. Kamba ya ubao hafungwi mbwa kabisa, kwa kuwa ingemzinga majini, au ingemvutia ubao ukampiga. Naye bwana mtu hana budi kujifunza kwanza peke yake, tena kwa muda mrefu, maana asiyejua kusimama vema humwangukia mwenziwe. Huchukua maji baridi ya kunywa, kwa sababu mbwa anywaye maji mengi ya chumvi hutapika, na yakizidi yaweza kumwua. Wakiisha kupanda mara chache hupumzika, kabla mbwa hajachoka, si baadaye.

Huenda mtu akatuuliza: je, nyama ile si rushwa? Tumelifikiri swali hili sana, wala hatulioni kuwa la upuzi. Ni kweli, mbwa mwenye njaa atafanya mengi kwa ajili ya nyama. Lakini tumejifunza jambo moja: mbwa mwenye hofu nyingi hali. Ukimpa kipande akipendacho, naye akageuza uso, amekwisha kukujibu. Na majibu mengine yapo: hukunja mkia chini ya tumbo, hulamba midomo ambapo hapana chakula, hupiga miayo bila usingizi, hutetemeka ambapo hapana baridi, hutazama ufuo tu. Mnyama huyu hana kinywa cha kusema “La”, lakini mwili wake wote wasema, kwa yule aliyejifunza kuusoma. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mafundisho haya ni ya mtu, wala si ya mbwa.

Kuna mbwa jike aliyeitwa Ricochet, aliyezaliwa mwaka 2008. Tangu utoto alifundishwa awe msaidizi wa watu wenye ulemavu, naye alikuwa mwepesi kuelewa. Lakini akiona ndege alikimbia kuwafukuza, wala hakuachishwa tabia hiyo. Na mbwa aondokaye ghafula aweza kumwangusha mtu amtegemeaye. Aliyemlea alihuzunika, maana miezi mingi ya kazi ilikuwa imepotea. Angeweza kumlazimisha. Badala yake alimwacha afuate yale aliyoyaweza kwa furaha, na mojawapo lilikuwa kusimama juu ya ubao. Mwaka 2009 mbwa huyu alikuwa mawimbini karibu na kijana aliyepooza, kila mmoja juu ya ubao wake. Yasimuliwa kwamba aliruka mwenyewe akaenda kwenye ubao wa yule kijana. Tangu hapo alipanda pamoja na watoto wenye ulemavu na askari waliojeruhiwa, akafa mwaka 2023.

Hatusemi kila mbwa ni Ricochet. Twahofu zaidi habari za yule asiye na jina, siku ya mashindano. Ada imekwisha kulipwa, rafiki wamekusanyika, picha zapigwa, wimbi zuri laja. Naye mbwa amesimama ukingoni mwa maji, amekunja mkia, amekataa nyama. Ni vyepesi sana kumwinua kwa ule mshikio wa koti na kumweka juu ya ubao. Hatapiga kelele. Pengine atasimama vizuri, na watu watashangilia, wala hapana atakayejua isipokuwa mtu mmoja. Mshikio uliotiwa ili kumwokoa umekuwa wa kumlazimisha, na mkono ni uleule.

Twamfikiri mtu mwingine siku ileile, atwaaye ubao kwapani na kurudi pwani mbele ya watu wote, huku wengine wakimcheka. Naye mbwa, akiisha kuvuliwa koti lake, ajikung'uta maji, azunguka mara mbili, aanza kuchimba mchanga.