UKUTA WA SIKU 52
Neno kwa wafinalisti wetu na kwa wazazi wao

Masomo: Nehemia 2:11-18, 4:9-23, 6:1-15



Mwaka mmoja, majuma machache kabla ya Examen d'État, mama mmoja alikuja kwenye maombi na biki ya mtoto wake, ameifunga katika kitambaa cheupe. Akasema: “Mtumishi wa Mungu, uiwekee mkono, mtoto apate diploma.” Nikamwuliza: “Mama, na daftari liko wapi?” Akanyamaza. Daftari lilikuwa nyumbani, na mtoto alikuwa sokoni akiuza mafuta ya mawese tangu asubuhi. Tuliomba, ndiyo. Lakini usiku ule moyo wangu haukutulia. Tumewazoeza watu wetu kuleta kalamu. Hatukuwafundisha kumpa mtoto saa za kusoma.

Tumwangalie Nehemia. Alikuwa mtu wa maombi na wa kufunga. Lakini Neno linatuambia kwamba adui walipotisha, watu walimwomba Mungu na pia wakaweka walinzi, usiku na mchana. Mambo mawili pamoja. Na ukuta ulimalizika kwa siku 52. Wandugu, siku 52 ni majuma saba na siku tatu. Ndizo siku anazobakiza mfinalisti anapoanza kushtuka.

Kwanza, Nehemia alikagua. Alitoka usiku, akazunguka, akaona mahali palipobomoka, kabla hajamwambia mtu neno. Wewe mwanafunzi, siku tatu za kwanza ufanye hivyo. Fungua madaftari yote. Andika kwenye karatasi: hapa ninajua, hapa ninayumba, hapa sijui kitu. Usijidanganye, karatasi hiyo unaiona wewe na Mungu.

Pili, aligawa kazi. Mtihani wa Leta una pande nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya option yako. Basi chukua majuma sita. Katika kila juma, toa siku moja kwa kila upande. Siku ya tano rudia mahali palipobomoka zaidi. Siku ya sita kaeni watatu au wanne, mfanye maswali ya miaka iliyopita, na kila mmoja aeleze kwa nini jibu hili ni la kweli na lile si la kweli. Siku ya saba ni ya Bwana na ya kupumzika. Saa mbili tu kwa siku, ukizishika kwa uaminifu, zinakuwa saa 72. Na insha ya Kifaransa usiiweke mwisho, kwa maana inaandikwa mapema, kabla ya zile siku nne za mtihani mkubwa.

Juma la mwisho usianze somo jipya. Rudia yale uliyojenga, na ulale. Ukuta mbichi haupandwi.

Tatu, Nehemia alikataa kushuka. Adui walimwita mara nne katika bonde la Ono. Akajibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kuiacha. Vijana wetu, Ono tunalijua. Wengine wanaitwa kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila: “Njoo majuma mawili tu, utapata falanga.” Wengine wanaitwa na wenye bunduki. Wengine wanaitwa na muuza majibu anayekuja usiku. Jiwe la kuibwa halishiki ukuta. Siku ukiingia chuo kikuu, litaanguka mbele ya watu.

Sasa wazazi, neno hili ni lenu. Wajenzi wa Yerusalemu walishika kazi kwa mkono mmoja na silaha kwa mkono mwingine, kwa sababu wengine walilinda. Nani anamlinda mtoto wako? Jua linazama karibu saa kumi na mbili, na nyumba zetu nyingi hazina umeme. Ukimtuma binti kuchota maji, kutwanga sombe na kuosha watoto mpaka giza, umekwisha kumnyang'anya saa zake mbili. Kaka yake naye ana mikono, achote maji. Fedha ya kununua majibu, nunueni nayo petroli ya taa au mawe ya tochi. Na yule ambaye kituo chake cha mtihani kiko mbali, mtafutieni mapema nyumba ya ndugu katika imani, asitembee njia ya hatari asubuhi ya mtihani.

Juu ya kufunga: sisi wakubwa tufunge kwa ajili yao. Mtoto anayeandika mtihani ale. Hata Nehemia aliwaambia watu, siku ya kusikiliza Neno, waende wakale, na wawapelekee wale wasio na kitu.

Na matokeo yakitoka mabaya? Hapa ninasema kwa uchungu. Tumeona jamaa wakitafuta mchawi: shangazi, bibi mzee, mjane asiye na mtetezi. Wapendwa, ukuta wa mtoto haukubomolewa na bibi. Tangu 1967 mtihani huu upo, na aliyeanguka mwaka huu anaweza kuuandika tena. Lakini bibi mliyemfukuza usiku, mtamrudisha kwa mtihani gani? Katika kanisa hili jambo hilo lisisikike.

Basi Dominika ijayo, wafinalisti wote waje mbele. Tutawawekea mikono. Kila mmoja alete biki yake, na pamoja nayo ile karatasi ya ukaguzi. Na mzazi wake asimame nyuma yake, aseme mbele ya kanisa ni saa ngapi amempa mtoto kila siku. Hilo ndilo toleo tutakaloliombea.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu. Amina.