Rasi Iliyoliwa na Bahari

Somo: Luka 13:1–5

Ndugu wapendwa katika Bwana, na hasa ninyi walimu na wainjilisti mliopewa kazi ya kunena makaburini.

Katika kisiwa cha Rügen, kaskazini ya nchi ya Ujerumani, iko rasi iitwayo Arkona, iliyojitokeza katika Bahari ya Baltiki. Ukingo wake ni genge la chaki na udongo, lenye urefu wa mita 45 hivi, nalo hushuka wima hata ufuoni. Juu yake iko minara miwili ya taa, mmoja wa mwaka 1827, na mwingine, mrefu zaidi, wa mwaka 1902.

Zamani walikaa huko Waslavi walioitwa Warani, wakamwabudu mungu wao Svantevit. Sanamu yake ilikuwa ya mti, kubwa kupita mtu, yenye vichwa vinne, nayo imeshika pembe mkononi. Saxo wa Denmark, mwandishi wa karne ile ile, ametuachia habari za desturi zao. Kila mwaka baada ya mavuno kuhani aliitazama pombe ya asali iliyotiwa katika pembe. Akiona imepungua, aliwaonya watu waweke akiba, kwa kuwa njaa inakuja. Naye alipofagia hekalu hakuthubutu kupumua mle ndani; kila alipotaka pumzi alikimbilia mlangoni, asije akamtia mungu unajisi kwa pumzi ya mwanadamu. (Sisi tunaye Mungu aliyempulizia mwanadamu pumzi puani, lakini neno hilo ni la siku nyingine.)

Boma lao kubwa la udongo na miti lilikuwa upande wa bara. Upande wa bahari waliona genge lenyewe ni ukuta wa kutosha. Mwezi wa Juni mwaka 1168 Mfalme Valdemar wa Denmark, pamoja na Askofu Absalon, aliizingira ngome ile. Moto ukashika penye lango, na wenyeji wakajitoa mikononi mwake. Sanamu ikakatwa miguu kwa mashoka, ikaburutwa kwa kamba hata kambini, ikapasuliwa kuwa kuni, na askari wakapikia chakula chao.

Hata leo sehemu ya boma la upande wa bara ingalipo. Lakini mahali pa hekalu hapapo tena. Pameliwa na bahari. Upande ule waliodhani hauhitaji mlinzi ndio uliokwisha.

Ni rahisi sana kuhubiri hapa. Mtu aweza kusema, Tazameni, Mungu ameitupa baharini nchi ya sanamu, na watu wote wakaitikia Amina. Lakini ngojeni kwanza, ndugu zangu.

Maji ya mvua na theluji huingia katika nyufa za chaki. Baridi ikizidi, maji yale huganda na kuvimba, yakaupasua mwamba kama kabari ipasuavyo gogo. Barafu ikiyeyuka, au mvua ikinyesha siku nyingi, udongo hulainika na kuteleza, na kipande kizima huporomoka. Ndipo mawimbi huja yakachukua kifusi, na miguu ya genge ikabaki wazi tena. Maji hayaulizi ni nani aliyeabudiwa huko juu. Yalikula wakati wa Svantevit, nayo yanakula wakati wa Wakristo. Tena wako wanaofaidiwa: wale mbayuwayu wachimbao matundu katika kingo za mchanga na udongo huzipenda zaidi zilizoporomoka karibuni, maana ukingo wa kale ulioota majani hauwafai. Baridi ikikaribia huruka mpaka huku kwetu Afrika.

Siku ya 26 Desemba 2011, sikukuu ya pili ya Krismasi, watu walikuwa wakitembea ufuoni chini ya rasi ile. Genge likaanguka, mtoto wa kike akafukiwa, akafa. Mwili wake haukuonekana mpaka mwaka mpya ulipokwisha kuingia.

Sasa ni nani atakayesimama aseme Amina?

Bwana wetu aliletewa habari kama hizo. Yeye mwenyewe akawakumbusha wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara katika Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu, Sivyo. Ndipo akanena juu ya toba. Lakini angalieni sana alinena na akina nani. Aliwaambia waliosimama mbele yake wakisikiliza. Hakuwahukumu waliolala chini ya mawe.

Nayaandika haya kwa aibu. Miaka mingi iliyopita naliitwa kumzika kijana aliyefukiwa shimoni alipokuwa akichimba mchanga wa kuuza. Nalijua kwamba hakuonekana kanisani tangu Pasaka, nami nikalisema neno hilo kaburini, mbele ya mama yake. Nalidhani naitetea heshima ya Mungu. Mama akanyamaza, akajifunga kanga yake, akaondoka kabla ya mbaraka. Baadaye jirani alinieleza kwamba gari la mnunuzi wa mchanga lilipita siku ya Jumapili tu, na kwa fedha ile kijana aliwalipia wadogo zake ada ya shule. Shimo lenyewe lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwangu. Sikuwahi kwenda.

Karibu na Arkona kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Vitt. Wakati wa heringi wavuvi hawakuweza kuziacha nyavu wakaenda kanisani Altenkirchen. Ludwig Gotthard Kosegarten, mchungaji Mlutheri aliyeanza kazi huko mwaka 1792, hakuwahesabia kosa. Aliwafuata pwani akawahubiria penye mashua zao. Mwaka 1806 ulianza ujenzi wa kanisa dogo lenye pande nane, ili ibada isizuiwe na mvua, nalo likawekwa wakfu mwaka 1816. Mchoraji Philipp Otto Runge aliombwa picha ya kanisa hilo. Akafa mwaka 1810 kabla ya kuimaliza, nayo sasa imo Hamburg, na katika kanisa la Vitt umewekwa mfano wake. Ni picha ya Petro juu ya bahari usiku. Anazama, na Bwana amemnyoshea mkono.

Someni tena Mathayo 14:31, mwangalie mpango wa maneno. Mkono ulitangulia, karipio likafuata, Petro alipokwisha kushikwa.

Mama yule angali hai, naye hukaa katika nyumba ile ile. Nalimwendea mara moja, akanipa kiti na maji ya kunywa, asinene neno. Juma hili nitakwenda tena.