Wafu wa Uru

Huko Uru, mji unaosemekana ndiko alikotoka Abrahamu, wafalme wa Sumeri walizikwa yapata miaka 4500 iliyopita pamoja na dhahabu, vinubi na watumishi wao. Mwingereza Leonard Woolley alianza kuchimba huko mwaka 1922. Katika shimo moja alikuta mifupa ya watu 74: wanawake 68, wenye mapambo ya dhahabu na fedha kichwani, na wanaume 6. Mwanamke mmoja, utepe wake wa fedha ungali umekunjwa. Pengine alichelewa kuuvaa, maskini.

Je, mtu ni chombo cha bwana wake, azikwe naye kama kinubi?

Woolley alidhani ya kuwa walikunywa sumu kwa hiari yao. Lakini mafuvu mawili ya makaburi hayo, yalipopimwa baadaye, yalionyesha matundu ya kupigwa. Na wale wanaume 6 walilala karibu na mlango, wakiwa na silaha. Walilinda nini, ikiwa hakuna aliyetaka kutoka?